Hendibreki ya Mzee Osmund

Vijana wangu, nyinyi mnaoshika spana na nyinyi mnaosita bado kuzishika, kuna jambo kuhusu mji huu ambalo sidhani mtaliamini. Ilikuwapo miaka ambayo Songea nzima iliegesha magari kwa mawe.

Si utani. Kila gari lilikuwa na jiwe lake. Wachache walikuwa na kigogo kilichochongwa kama kabari, lakini jiwe ndilo lililoheshimika. Utingo aliruka kabla gari halijasimama vizuri, akalisukumia jiwe chini ya gurudumu la nyuma, ndipo dereva akazima injini. Dereva mmoja wa lori la tumbaku kutoka Namtumbo alilipaka jiwe lake rangi nyekundu, na siku alipolikuta chini ya gari la mtu mwingine aligomba kama aliyenyang'anywa mke. Pale sokoni watu waliondoka wakayaacha mawe yao barabarani, na waendesha baiskeli wakayagundua kwa magoti.

Na hendibreki je? Hendibreki ilikuwa mahali pa kuning'iniza rozari.

Msiwalaumu madereva. Tuliowafikisha huko ni sisi mafundi. Nilijifunza kazi kwenye gereji ya umma, nikitokea kidato cha nne, wakati ambao vipuri vilikuwa hadithi. Waya wa hendibreki ukishika kutu huganda; ukiganda, brekishu, vile vibao vinavyobana dramu ya gurudumu kwa ndani, hazirudi; zisiporudi, gurudumu linapata moto na dereva anakuja analia. Waya mpya ulikuwa haupatikani kokote. Basi tulikata. Msumeno wa chuma mara chache tu, gari linakwenda. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, gereji yetu ikafungwa, wengi tukapunguzwa kazini, nami nikafungua kigereji changu mtaa wa Mfaranyaki. Maduka yakajaa vipuri vya Kijapani na vya Dubai. Sasa ningeweza kununua waya. Lakini mkono ulishazoea msumeno. Nilikata wakati wa dhiki, nikaendelea kukata wakati wa neema, na hilo la pili halina utetezi.

Nyaya nilizokata sikuzitupa. Mke wangu, Redempta, alizifanya kamba za kuanikia nguo. Nusu ya magari ya mji huu yalikuwa yameshikilia mashuka yangu.

Jirani yangu wa kazi alikuwa Fundi Issa, mtu wa Nalasi kule Tunduru, fundi baiskeli. Alikuwa na kibanda ukutani kwangu na sauti iliyofika mpaka stendi. Alijisifu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akaendelea alipoishia.

"Otmari," alikuwa akiniambia, "wewe unaujua waya kwa kuukata. Mimi naujua kwa kuishi nao."

Na kweli aliujua. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba waya haupendi kona kali, kwamba unapakwa grisi kabla ya kufungwa na si baada ya kulalamika, na kwamba kabla hujaukata unatia risasi ya kuchomelea pale utakapokata, usije ukafumuka. "Ukishaota nywele," alisema, "usiubembeleze. Huo umeshazeeka, uzike."

Sasa Mzee Osmund. Huyu alikuwa seremala mstaafu, mzee mrefu, anakaa mlimani njia ya Matogoro. Alikuwa na kigari cha Kiingereza alichouziwa na padri mmoja aliyerudi kwao, kigari chenye milango miwili mbele na sanduku la nyuma lenye kiunzi cha mbao. Mbao kabisa, nje ya gari, kama dirisha la nyumba. Zile za Ulaya zilipooza, mzee alichonga nyingine za mninga, akazipiga msasa mpaka zikang'aa. Nadhani hakuna gari lililopendwa namna ile katika mkoa huu.

Breki za nyuma za kigari hicho zilikuwa ndogo kama sahani za chai. Nikamshauri tuweke kubwa, za pikapu ya Kijapani iliyopinduka njia ya Namtumbo. Akakubali. Nilizifungua kwenye ule mkweche, nikampelekea fundi mashine achonge mashimo upya, nikazifunga. Zilikaa kama zimezaliwa hapo. Waya za hendibreki za zamani hazikufika kwenye breki mpya, wala vichwa vyake havikuingia. Mnajua nilichofanya.

Baada ya siku chache mzee akarudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Breki zako nzuri. Jana kuku amekatiza mbele yangu, gari limesimama mpaka kuku mwenyewe amegeuka kutazama."

"Nashukuru, mzee."

"Sasa nimefuata waya zangu."

Nikamwangalia. "Waya zipi?"

"Za hendibreki. Nimevuta, mkono umekuja mtupu kama mkia wa mjusi."

Issa, nyuma ya ukuta, akacheka bila kuficha. "Mwambie ukweli, Otmari. Mwambie zimeanikiwa soksi."

Nikajaribu kumpoza. "Mzee, si utumie jiwe kama wenzako?"

Hakukasirika. Alikunja suruali akanionyesha goti. Boriti ilimwangukia zamani akiezeka, na tangu hapo goti halikunjiki. "Nikisimama pale mlimani kwangu," alisema, "mpaka nishuke, nizunguke nyuma, nitafute namna ya kuinama na hilo jiwe lako, gari limeshafika mtoni. Zamani nilikuwa na mjukuu wa kuweka jiwe. Amekwenda Dar kuuza mitumba."

Kisha akanieleza lililomleta hasa. Mkewe, Mama Ansila, alikuwa na sukari, na mguu wake ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Kila wiki mzee alimpeleka hospitali ya Peramiho kusafishwa. Mtoto wao, Gerold, mfanyabiashara wa Dar, alikuwa anakuja likizo na alishapata mnunuzi wa kigari. Alisema wazi: gari likishindwa kusimama mlimani pale nyumbani na baba yake ndani, linauzwa, mama atapanda mabasi madogo kama watu wengine.

"Na basi dogo halipandi mlima wetu," alisema mzee. "Atashuka na kupanda kwa ule mguu."

Nikamwita Issa.

Tulipandisha gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo, magurudumu yakining'inia. Issa alitafuta waya nene mbili, akazitia vichwa vya risasi, akazikagua jicho moja likiwa limefumbwa. Tukazipitisha chini ya sakafu kutoka kwenye hendibreki moja kwa moja mpaka kwenye breki, tupu, bila ganda la nje, zimenyooka. Zilipendeza. Ukigusa waya unalia kama zeze.

"Bismillahi," Issa akasema, akavuta hendibreki. Krii, krii, krii. Magurudumu yakakataa kuzunguka.

Tukaenda kujaribu kwenye mlima ule ule wa mzee. Nilisimama, nikavuta, nikazima. Gari likatulia. Issa akashuka, akaliegemea kwa mgongo, akapishanisha miguu, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayepigwa picha, ingawa kamera hatukuwa nayo.

"Otmari, kuanzia leo niite Injinia."

"Nitakuita hivyo ukishakata ndevu."

Najua mnataka kuniuliza: kwa nini mzee asiache gari kwenye gia? Swali zuri. Gia ya kwanza ya kigari kile ilikuwa imechakaa, inachomoka yenyewe. Kuirekebisha ni kazi nyingine, na mimi, kama mnavyoona, hata hii moja ilikuwa inanitosha.

Jumapili iliyofuata mimi na Issa tulitangulia mlimani kushuhudia ushindi wetu. Gerold alikuwa amefika. Baada ya misa mzee aliwachukua wote: Gerold na shangazi yake Yustina nyuma pamoja na gunia la mahindi la kupeleka mashineni, Mama Ansila mbele. Kigari kikapanda kikiwa kimekaa chini kama kuku anayeatamia. Mzee akasimama mbele ya nyumba, akavuta hendibreki, akazima injini. Akafungua mlango, akatoa nje kwanza ule mguu usiokunjika.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Halikukimbia. Lilirudi polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka mbele ya wakwe. Lakini mzee alikuwa nusu ndani nusu nje, na mguu uliokuwa nje ndio wa kukanyaga breki. Nikapiga mbio. Sikufika. Kigari kikaacha njia, kikaingia kwenye shamba la maharage la jirani, kikakwama kwenye matuta.

Kisha sauti ya Gerold kutoka nyuma.

"Baba, umeona sasa?"

"Nimeona," alisema mzee.

"Ulivuta hendibreki?"

Mzee aliutazama mkono wake. Akaugeuza, akautazama upande wa pili. "Labda sikuvuta vizuri," alisema taratibu.

Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, mengine nitakufa nayo, lakini lile la kumwacha mzee auone mkono wake kuwa mbovu lilinishinda. "Umevuta, mzee," nikasema. "Nimekuona. Mbovu ni kazi yangu."

"Kumbe fundi ndiye wewe," Gerold akasema. "Wewe ndiye uliyetaka kumuua mama yangu."

"Mama yako hajafa," Mama Ansila akajibu, bila hata kugeuka. "Aliyekufa ni maharage ya watu. Hebu mfungulieni shangazi, amekalia mayai."

Kabla hawajashuka nililala chini na kuchungulia. Matuta yalikuwa yameyabana magurudumu, gari lisingekwenda popote. Nikaona waya zetu, zile za zeze, zimelegea zinaning'inia. Nikafikiri zimekatika. Hazikuwa zimekatika. Ndipo Yustina akashuka na kikapu chake cha mayai, nami nikaona kwa macho yangu waya zinajivuta kidogo. Gunia likashushwa, zikajivuta tena. Gerold akatoka. Mama Ansila aliposhikwa mkono akashuka, waya zilikuwa zimenyooka, na nilipozigusa zililia.

Nikabaki pale chini nimelala kwenye majani ya maharage. Nilikuwa fundi miaka yote ile na sikuwahi kuliwaza jambo hilo.

Sikilizeni, maana hili ndilo la kubeba. Gari linakaa juu ya springi. Ukilipandisha juu ya magogo, ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu mawili, inaning'inia, inakwenda mbali na sakafu. Ukikaza waya mtupu hapo, umeukatia njia ndefu. Ukishusha gari, ekseli inasogea karibu na sakafu kidogo. Ukipakia watu, inasogea zaidi. Njia inafupika na waya unabaki na ziada. Lilipokuwa tupu lilishika kwa bahati. Lilipobeba familia halikuwa na hendibreki kabisa. Issa hakulijua hilo kwa sababu baiskeli zake hazikuwa na springi. Mimi sikulijua kwa sababu nilikuwa mtu wa kukata.

"Wallahi," Issa alisema nilipomwonyesha, "baiskeli haijawahi kunifanyia hivi." Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akanyamaza.

Gerold alikuwa ameshaamua. Anasafiri Jumatano, mnunuzi anakuja asubuhi hiyo hiyo. Nikamwomba aniachie gari mpaka Jumatano. Alitaka kukataa. Mama yake akamwambia, "Mwachie. Mtu aliyesema ni yeye kabla hajaulizwa, mwachie." Akaniachia.

Jumatatu nilikwenda kwenye ule mkweche wa pikapu. Waya zake za hendibreki zilikuwepo, nzima, kila mmoja ndani ya ganda lake la nje, na vichwa vyake vilikuwa vile vile vilivyotakiwa na breki nilizozichukua. Nilikuwa nimezifungua breki nikaziacha waya zake zikining'inia kama utumbo.

Mwenye uwanja ulipolala mkweche ule akaniambia, "Nilidhani umeziacha kwa sababu hazina kazi."

"Hata mimi," nikamjibu.

Kwa hiyo andikeni hili mnapotaka: ukihamisha breki kutoka gari moja kwenda jingine, hamisha na waya wake. Breki na waya wake ni mtu na kivuli chake. Tena usichanganye. Waya wa kulia na wa kushoto mara nyingi hazilingani urefu, na ukizibadilisha, gurudumu moja litashika na jingine litakucheka.

Uzuri wa waya ulio ndani ya ganda ni huu: ganda unalibana upande mmoja kwenye sakafu na upande wa pili kwenye bamba la breki, na waya unateleza ndani yake. Hapo ekseli ipande, ishuke, icheze ngoma inayotaka, waya haujali. Lakini ganda liwe na ulegevu, lipinde taratibu kama mgongo wa paka, lisikwaruze tairi wala lisipite karibu na bomba la moshi. Zile za pikapu zilikuwa ndefu kuliko kigari chetu, basi nikazizungusha kidogo pembeni. Mbele, kwenye hendibreki ya zamani, nilichomelea kipande cha chuma chenye skrubu na nati cha kuzivuta zote mbili sawasawa. Issa alichagua mapito, na sikubishana naye hata kona moja.

Halafu vijana wengi wanaharakisha hapa: usianze kukaza waya. Anza ndani ya dramu. Rekebisha brekishu mpaka ziguse dramu kidogo tu, gurudumu lizunguke na mkwaruzo mdogo, na kile kiwiko kinachovutwa na waya kiwe kimerudi mpaka mwisho wake. Ndipo ukaze waya. Ukianza na waya utaficha ubovu wa brekishu, na baada ya wiki mteja atarudi. Ukikaza mno, breki zitakuwa zinashika kidogo wakati wote. Endesha mwendo mfupi kisha gusa dramu kwa mkono. Ikikuunguza, rudi chini ya gari.

Na mwisho, kaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba. Jumanne tulilisimamisha juu ya shimo la gereji. Tukatia magunia mawili, tukamwita Redempta, tukamwita na Shangazi Yustina, aliyekuwa amepita kutupia macho.

"Mimi sasa nimekuwa gunia?" aliuliza.

"Wewe ni kipimo, shangazi," Issa akamwambia. "Gunia halijui kukaa vizuri."

"Na leo sina mayai."

Walikaa humo wakisengenya nusu ya parokia wakati mimi niko shimoni nakaza nati. Tangu siku hiyo sijawahi kukaza hendibreki kwenye gari tupu. Wapita njia wa Mfaranyaki walizoea kuitwa: "Mama, njoo ukae kidogo tupime." Wapo waliokuwa wanakuja bila kuitwa, hasa mchana wa jua kali, maana kulikuwa na kivuli.

Nyinyi leo mna magari ambayo hendibreki ni kitufe. Unabonyeza, kitu kinalia ndani, basi. Sina ugomvi na kitufe. Ila mkilala chini ya gari la zamani, na mtalala, kwa sababu Songea haitupi gari, mkumbuke kwamba anayepanda gari ana uzito, na uzito unabadilisha kila kitu ulichokipima.

Kuna jambo moja ambalo halijanitoka. Baada ya kazi ile nilifikiria kuzungukia wateja wangu wa zamani niwarudishie hendibreki zao. Nilianza. Niliwapata watatu wanne hivi. Mmoja alinicheka, akasema jiwe linamtosha. Halafu kazi zikaja, mvua zikaja, nikaacha. Wapo niliosikia baadaye kwamba magari yao yalirudi nyuma. Sikuuliza hendibreki zao alikata nani. Nilipaswa kuuliza. Kazi ya fundi haiishii gari likitoka mlangoni, na mimi kwa miaka mingi niliishi kama inaishia hapo.

Jumatano asubuhi, baada ya kumkabidhi mzee gari lake, mimi na Issa tulitangulia mlimani mapema. Mnunuzi alikuwa ameshafika, amesimama kwenye ua, mikono mfukoni, anaziangalia zile mbao za mninga kwa mbali kigari kilipokuwa kinapanda. Mzee alikuwa amepakia kama Jumapili: Gerold na shangazi nyuma pamoja na gunia, Mama Ansila mbele na mguu wake uliofungwa kitambaa cheupe. Akasimama pale pale. Krii, krii, krii, krii. Akazima injini. Kukawa kimya mpaka nikasikia mbao zikilia kidogo zinavyotulia.

Gerold akainuka nyuma ya kiti. "Baba, ngoja nishuke nikusaidie."

"Kaa," Mama Ansila akamwambia.

Mzee akafungua mlango. Akatoa mguu usiokunjika, akaupigia hesabu, akatoa wa pili. Akasimama. Akafunga mlango nyuma yake, hakuugongesha, akauegemeza kama mlango aliouchonga mwenyewe. Issa alikuwa ananong'ona kitu, nadhani ni dua. Mimi nilikuwa natazama gurudumu la nyuma, mahali tairi linapogusa udongo, nikaona punje za mchanga pale hazisogei.

Mnunuzi alitoa mikono mfukoni. Gerold aliniita kutoka dirishani, kwa sauti ndogo. "Fundi. Mwambie yule bwana asitungoje."

Mzee alikuwa ameanza kuzunguka kwa mbele, mkono mmoja juu ya boneti, hatua ya mguu mzima, kisha ya ule mwingine. Alifika upande wa mkewe. Akamfungulia mlango, akampa mkono.

"Usiharakishe," Mama Ansila alimwambia.

Hakuharakisha. Gari lilimngoja.